Kutu ni Moto wa Polepole

Mazungumzo ya redioni kwa akina mama na walezi wa watoto

  

Leo mada yetu ni kitu ambacho kila nyumba ya Amu, Pate, Faza, Kizingitini na Mokowe inakijua. Kitu hicho ni kutu. Huenda ukauliza, "Sista, kutu inahusiana vipi na afya ya mwanangu?" Subiri kidogo, nikueleze nilivyofika hapo.

Siku moja nilikuwa nikipima watoto uzani kliniki. Mama mmoja alimleta kitinda mimba wake kuchanjwa. Nyuma yake alisimama kaka wa yule mtoto, kijana wa miaka kama saba, akichechemea. Nikamwuliza mama, "Huyu naye ana nini?"

Akanijibu, "Alikanyaga msumari juzi, sista, lakini usijali. Msumari wenyewe ulikuwa mpya, unang'aa. Haukuwa na kutu hata kidogo."

"Aliukanyaga wapi?"

"Hapo uchochoroni kwetu, wanapofungwa punda."

Nilinyamaza, kwa sababu niliona kosa halikuwa la mama. Lilikuwa letu sisi wauguzi. Miaka yote tumesimama mbele ya akina mama tukisema "msumari wenye kutu, msumari wenye kutu", hata mama ameelewa kwamba kutu ndiyo ugonjwa, na msumari unaong'aa ni salama. Sivyo. Yule kijana tulimsafisha kidonda, akadungwa sindano, na alipona. Lakini tangu siku ile najiuliza ni akina mama wangapi waliobaki nyumbani kwa sababu msumari ulikuwa mpya.

Basi leo tuanze upya. Tuielewe kutu ni nini hasa, inafanya nini na haifanyi nini. Ukiijua kutu utaelewa pia kwa nini chokaa humchoma mtoto, na kwa nini betri ndogo kama kifungo inaweza kumtoboa koo. Mambo haya matatu ni ndugu.

CHUMA KINA DENI

Chuma hakichimbwi kikiwa msumari. Ardhini kimo ndani ya mawe, na mengi ya mawe hayo yana rangi nyekundu au kahawia, rangi ya kutu. Si ajabu, kwa sababu kilichomo ndani yake ni chuma kilichoshikana na oksijeni, yaani ile hewa tunayoivuta ili tuishi. Kutu nayo ni chuma kilichoshikana na oksijeni, pamoja na maji kidogo.

Ili kupata chuma kitupu, mhunzi huyaweka mawe hayo tanurini pamoja na makaa, akavukuta mpaka joto likapita nyuzi 1,000. Kazi hii ni ya kale katika pwani yetu. Mwanajiografia al-Idrisi, aliyemaliza kitabu chake mwaka 1154, aliandika kwamba watu wa Malindi walikuwa na machimbo ya chuma na walikiuza. Makaa hayo pamoja na joto lake kubwa ndiyo yanayoitenganisha oksijeni na chuma. Kwa hiyo kila msumari, kila jembe na kila nanga ni kama mtu aliyekopa joto, akaondoka nalo.

Wahenga walisema dawa ya deni ni kulipa. Chuma nacho hulipa. Kikipata hewa na unyevu pamoja, kinaanza kurudiana na oksijeni, na kinapofanya hivyo hulitoa lile joto kidogo kidogo. Hiyo ndiyo kutu. Kuni jikoni hushikana na oksijeni zikatoa joto, nasi tukasema zinawaka. Chuma nacho hushikana na oksijeni kikatoa joto, nasi tukasema kinaoza. Jambo ni lilelile. Kutu ni moto wa polepole.

Huniamini? Pita kwa fundi wa kuchomelea, umtazame anapokata chuma kwa mashine. Cheche zile zinazoruka ni chembe ndogo za chuma zinazoungua hewani. Chembe ni ndogo, zimepashwa moto sana, na hewa imezizunguka pande zote, basi zinalipa deni lao lote kwa kufumba na kufumbua. (Usimwache mtoto asimame hapo. Chembe moja ikimwingia jichoni, mlete kituoni siku ileile.)

Sasa sikia hesabu hii. Kilo moja ya chuma ikioza yote ikawa kutu, joto inalolitoa linatosha kuchemsha zaidi ya lita 20 za maji. Naam, ndoo nzima. Lakini hujawahi kuungua kwa kushika bati lenye kutu, kwa sababu joto hilo hutoka kwa miaka na miaka, na upepo unalichukua. Tofauti ya kutu na moto wa jikoni iko katika mwendo, na mwendo huo ndio nitakaourudia leo mpaka mwisho.

Kwa nini kwetu visiwani kutu inakwenda mbio kuliko bara? Ni chumvi. Kuoza kwa chuma kunahitaji chembe za umeme zisafiri kutoka upande mmoja wa chuma hadi mwingine, na maji ya chumvi huzipitisha kwa urahisi kuliko maji matamu. Upepo wa kusi unapovuma kutoka baharini huleta chumvi hiyo juu ya mabati, bawaba na misumari. Ndiyo maana mabati hupakwa zinki. Zinki huliwa kwanza badala ya chuma, na ikiisha, chuma kinaanza kuliwa. Mafuta na rangi nazo husaidia kwa sababu huzuia hewa na maji yasikifikie chuma.

CHOKAA: MOTO WA HARAKA

Mji wa Amu, uliotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001, umejengwa kwa mawe ya matumbawe, boriti za mikoko na chokaa. Chokaa hiyo hutokana na mawe hayohayo. Hupangwa juu ya magogo, yakachomwa mpaka joto likakaribia nyuzi 900. Mawe hutoa hewa ya kaboni, yakabaki mepesi na meupe. Jiwe lililotoka tanurini nalo lina deni. Limekopa joto la magogo yale.

Chuma hulipa kwa miaka. Chokaa hulipa kwa dakika. Imwagie maji, utaisikia inalia, utaiona inapasuka na kutoa mvuke. Mafundi husema wanaizima chokaa, na ni neno zuri, kwa sababu kweli kuna moto ndani yake. Kilo moja ya chokaa safi ambayo haijazimwa inaweza kuchemsha kama lita tatu za maji bila kuni hata ukuti mmoja. Ukilinganisha na chuma, joto la chokaa ni dogo. Lakini linatoka lote kwa pamoja, na ndiyo maana linaunguza.

Sasa fikiria chembe ya chokaa hiyo imeingia jichoni mwa mtoto. Jicho lina machozi, yaani maji. Chokaa inazimwa pale pale juu ya jicho. Na baada ya joto kupoa, hatari ya pili inabaki: chokaa ina ukali unaoyeyusha ngozi na nyama laini, na unaendelea kupenya ndani hata mtoto akinyamaza kulia. Usidanganywe na kunyamaza kwake.

Chokaa haipo kwenye ujenzi peke yake. Iko pale chombo kinapopakwa deheni ufuoni, ile ya shahamu na chokaa. Iko ndani ya nyumba zetu pia, kwenye kikopo cha tambuu cha bibi. Ile ya tambuu imekwisha kuzimwa, haichemki tena, lakini ule ukali wa pili ungali nayo. Mtoto akikifungua kikopo kisha akajifikicha macho, ameumia. Mwambie bibi kwa adabu, "Bibi, kikopo chako tukiweke juu, mjukuu asikifikie."

AJALI YA CHOKAA IKITOKEA

Ikiwa imeingia jichoni, usingoje hata dakika moja. Fungua kope kwa vidole, umwagie maji safi mengi, kutoka upande wa pua kwenda nje, ili maji yasiingie jicho la pili. Endelea kwa nusu saa. Ukiona kibonge cheupe chini ya kope, kitoe kwa ncha ya kitambaa safi kilicholowa. Kisha mpeleke hospitali, na njiani uendelee kumwagia.

Najua maji kwetu ni shida, na maji ya jabia yana hesabu yake. Leo maliza mtungi. Maji yatapatikana tena, jicho halipatikani.

Mama mmoja aliniuliza swali zuri: "Sista, si umesema maji ndiyo yanayoiwasha chokaa? Mbona unasema nimwagie maji?" Jibu ni kiasi. Maji machache huiwasha chokaa na kuchemka pamoja nayo. Maji mengi yanayopita huchukua joto na ukali, yakaenda navyo. Kwa hiyo usipanguse jicho kwa kitambaa chenye unyevu ukaachia hapo. Mwaga maji.

Ikiwa ni unga mkavu juu ya ngozi au nguo, kwanza mvue nguo, ukung'ute unga kwa kitambaa kikavu, ndipo umwoshe kwa maji mengi kwa dakika 20 au zaidi.

Usitie maziwa, asali, dawa ya meno wala siki. Na usitie ndimu kwa kudhani uchachu utaukata ukali wa chokaa. Ni kweli vitu hivyo viwili vikikutana huuana, lakini vinapouana hutoa joto, na joto hilo litakuwa juu ya mwili wa mtoto.

BETRI: KUTU INAYOLIPA KWA UMEME

Ndugu wa tatu ni betri. Betri ya kawaida ya tochi ina kopo la zinki. Unapowasha tochi, zinki ndani yake inaliwa, kama ile ya kwenye mabati. Tofauti ni kwamba hapa deni halilipwi kwa joto, linalipwa kwa umeme. Betri basi ni kuoza kwa madini kulikofungiwa ndani ya kopo tukapata mwangaza. Ikizeeka, kopo hutoboka na maji makali huvuja. Usimpe mtoto betri iliyokwisha kuwa kitu cha kuchezea, wala usiianike juani au kuitafuna ili "ipate nguvu".

Inayonitia hofu zaidi ni ile betri ndogo, bapa, inayong'aa kama sarafu au kifungo. Imo ndani ya saa, rimoti ndogo, vidude vya kuchezea vinavyoimba, taa ndogo, na zile tasbihi za kuvaa kidoleni zenye kioo cha namba. Mtoto wa mwaka mmoja au miwili huitia mdomoni. Ikiteremka mpaka tumboni, mara nyingi hupita. Ikikwama kooni, iko mahali penye unyevu, na umeme wake unapita kwenye nyama ya koo. Upande mmoja wa betri unatengenezwa ukali wa aina ileile ya chokaa, na ndani ya saa mbili koo linaweza kuanza kuungua. Hata betri iliyokwisha kwenye saa bado ina nguvu ya kuunguza koo.

Dalili zake hudanganya. Mtoto anatoa udenda, anakataa kula, anakohoa, anatapika, au anashika kifua. Wengine hawaonyeshi chochote. Ukishuku tu, fanya hivi:

Usimtapishe. Usimpe chakula. Usingoje uone kama atakwenda nayo chooni. Mpeleke haraka hospitali yenye mashine ya eksirei, uwaambie waziwazi, "Nashuku amemeza betri." Kama hujui ni sarafu au ni betri, ichukulie kuwa ni betri.

Ikiwa mtoto amepita mwaka mmoja, anaweza kumeza, na hazijapita saa 12 tangu aimeze, mpe asali vijiko viwili vya chai kila baada ya dakika kumi mkiwa njiani, isizidi mara sita. Asali huifunika betri na kupunguza makali. Haiitoi, wala haichukui mahali pa hospitali. Mtoto aliye chini ya mwaka mmoja asipewe asali kabisa.

Uliye Kizingitini, Ndau au Kiwayu, najua safari ya kufika Amu ni ya bahari. Basi usiseme "tutakwenda na chombo cha asubuhi". Amsha majirani, tafuteni mashua ya injini usiku huohuo. Na betri ikiwa puani au sikioni, usitie mafuta wala matone yoyote. Unyevu huiongezea kazi. Mlete tu.

TURUDI KWA MSUMARI: PEPOPUNDA

Sasa tumeijua kutu. Ni chuma, oksijeni na maji. Haina mdudu ndani yake, wala si sumu inayokakamaza taya. Basi pepopunda hutoka wapi?

Hutoka kwa kijidudu kinachoishi udongoni na ndani ya matumbo ya wanyama, kikatoka na kinyesi. Kijidudu hiki hujifunika gamba gumu kikangoja ardhini kwa miaka, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Hakipendi hewa. Kikiwa juu ya ngozi hakina la kufanya. Lakini kikisukumwa ndani sana, kwenye tundu jembamba lililojifunga juu, kikakosa hewa, huamka na kutoa sumu inayokwenda kwenye mishipa ya fahamu.

Tazama basi msumari unafanya nini. Unachukua uchafu wa chini na kuusukuma ndani ya nyayo. Msumari mpya unafanya kazi hiyo sawasawa na wa zamani. Wenye kutu una sehemu mbaya moja ya ziada: uso wake una mikwaruzo inayoshika uchafu mwingi, na aghalabu umelala chini siku nyingi. Lakini mwiba, mfupa wa samaki, kipande cha chupa na kijiti cha mkoko navyo havina kutu, na vyote vinaweza kuleta pepopunda.

Jina lenyewe la ugonjwa huu lina punda ndani yake. Nasi tunaishi katika mji ambao mizigo yake hubebwa na punda, na vichochoro vyake vina kinyesi cha punda kila siku. Punda si adui. Yeye mwenyewe huugua pepopunda, na Amu ina kliniki ya kuwatibu punda tangu mwaka 1987. Lakini mama wa Amu hawezi kusema kidonda cha mguu wa mtoto ni kisafi eti kwa sababu msumari ulikuwa mpya. Swali la kujiuliza ni hili: mguu ulikuwa umekanyaga wapi?

Dalili huanza kati ya siku 3 na siku 21 baada ya kuumia, na wakati huo kidonda huenda kimekwisha kufunga. Mtoto anashindwa kufungua mdomo vizuri. Shingo inakakamaa. Kisha mwili mzima unakakamaa na kujipinda kwa nyuma, na kila kelele au mwangaza unamshtua tena. Hilo si pepo, wala si la kufukizwa. Ni sumu ya kijidudu, na mtoto huyo anahitaji hospitali saa hiyohiyo. Ukishafika huko matibabu ni marefu na magumu, na wengine hawaponi. Kinga ni sindano, na kila moja huchukua dakika moja tu.

MTOTO AKIDUNGWA NA KITU CHOCHOTE

Osha kidonda kwa maji mengi safi na sabuni. Acha damu itoke kidogo, usikibane kwa haraka.

Usipake majivu, mafuta ya taa, udongo wala kinyesi cha mnyama. Ukipaka udongo unampelekea kijidudu mlangoni kwake.

Mlete kituo cha afya siku hiyohiyo, pamoja na kile kitabu cha mama na mtoto. Tutatazama chanjo zake. Mtoto huchanjwa dhidi ya pepopunda akiwa na wiki 6, wiki 10 na wiki 14, lakini nguvu ya kinga hupungua miaka inavyokwenda, na huenda akahitaji sindano nyingine.

Kama siku mbili tatu zimepita, usione haya ukabaki nyumbani. Njoo. Hatutakugombeza.

MASWALI YA AKINA MAMA

Maji ya tangi langu yana rangi ya kutu. Yatamdhuru mwanangu? Kutu yenyewe kidogo haitamdhuru. Lakini tangi lililooza hutoboka, na tundu linalopitisha maji hupitisha pia uchafu na wadudu. Liangalie tangi, na maji ya kunywa yachemshe au uyatie dawa.

Je, maji ya kutu huongeza damu? Nimeulizwa hili mara nyingi. Ni kweli damu inahitaji madini ya chuma, lakini mwili hupata machache sana kutoka kwa kutu. Mpe mtoto ini, dagaa, kunde na mboga za majani, ukimkamulia ndimu juu ya chakula, kwani ndimu husaidia mwili kuchukua madini hayo. Wewe mjamzito, meza vidonge vya kuongeza damu unavyopewa kliniki. Vidonge hivyo uviweke juu mbali na watoto, maana mtoto akila vingi vinaweza kumuua.

Watoto wanapenda kujificha ndani ya tangi kuukuu la chuma. Kuna ubaya? Upo, na ni mkubwa. Nimesema kutu huchukua oksijeni. Tangi la chuma lililofungwa muda mrefu likioza ndani, hewa yake hupungukiwa na oksijeni, na anayeingia anaweza kuzimia bila hata kunusa kitu. Funga mfuniko imara au uligeuze. Na mtu akizimia ndani, usiingie kumfuata peke yako. Ita watu.

Kitovu cha mtoto mchanga kikikatwa kwa wembe mpya, je, ni salama? Wembe mpya ni bora kuliko wa zamani, lakini sasa unajua kwamba upya peke yake hautoshi. Kinachotakiwa ni usafi: wembe, mikono, uzi na kile kinachopakwa baadaye. Zalia kituoni. Usipake kitovu kitu chochote ila dawa uliyopewa na mkunga au muuguzi. Na udungwe sindano yako ya pepopunda ukiwa mjamzito, kwa sababu kinga hiyo hupita kwako ikamfikia mtoto tumboni. Mtoto mchanga aliyekuwa ananyonya vizuri, kisha kati ya siku ya 3 na ya 28 akashindwa kunyonya na kukakamaa, mkimbize hospitali.

YA KUKUMBUKA

1. Kutu ni moto wa polepole. Chokaa ni moto wa haraka. Betri hulipa deni lake kwa umeme. Hatari iko katika mwendo na mahali.

2. Chokaa jichoni: maji mengi, nusu saa, kisha hospitali. Usitie ndimu wala maziwa.

3. Betri kooni: usitapishe, usingoje, safiri sasa hivi.

4. Pepopunda haitokani na kutu. Hutokana na uchafu ulioingia ndani ya kidonda, hata kama msumari unang'aa.

Mama mpendwa, yule kijana aliyekanyaga msumari leo anakimbia na wenzake. Alipona kwa sababu mama yake alikuja kwa jambo jingine, na mimi nikatokea kumwona akichechemea. Ilikuwa bahati. Mwanao asingojee bahati. Mwambie jirani yako haya uliyoyasikia, hasa yule anayesema, "Haukuwa na kutu, usijali."

Tukutane katika mazungumzo yajayo. Wasalaam.